Kinundu Nilichokijenga Mwenyewe

"Unafuga samaki?"

Daktari aliniuliza hivyo akiwa bado ameshika kidole changu cha kati, anakigeuzageuza chini ya taa kama sonara anayekagua pete. Nikadhani ananichangamsha tu. Kuna madaktari wanaouliza habari za watoto, kuna wanaouliza habari za kazi. Huyu, nikajiambia, kaamua kuuliza habari za samaki. Nikajibu kwa bashasha. Ndiyo, ninalo tangi la kioo, lita 60, lina danio 9. Nikajisahihisha: 8. Mmoja alikufa majuzi.

"Alikufaje?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatupigi soga.

Sentensi moja

Kinundu kilikuwa na wiki sita. Kilianza kama kipele pale nilipokwaruzwa na jiwe nikisafisha tangi, kikakua hadi kufikia ukubwa wa shanga. Hakikuuma, hakikuwasha, na hakikutaka kuondoka. Mahali nilipokwenda kwanza walinipa vidonge vya siku saba. Nikavimaliza, kinundu kikabaki kinanitazama. Wiki ya tano kikapata mdogo wake, juu kidogo, njia ya kuelekea kifundo cha mkono.

Huyu daktari wa ngozi alikata kinyama kidogo, akaandika kwenye fomu ya maabara na kupiga mstari mara mbili: waoteshe kwenye nyuzi 30, si 37. Mshukiwa wake alikuwa Mycobacterium marinum, bakteria wa majini ambaye huwaugua zaidi samaki, na ndugu wa karibu wa yule anayeleta kifua kikuu. Anapenda ubaridi. Ndiyo maana akimwingia mtu hukaa vidoleni, mikononi, kwenye viwiko, kule ambako mwili umepoa kidogo, na kwa kawaida hazami hadi viungo vya ndani. Maabara ikijaribu kumwotesha kwenye joto la mwili, kama inavyofanya kwa bakteria wengi, anaweza asionekane kabisa.

Nikamuuliza: basi humu ndani amejaa yeye?

Akatabasamu. "Wamo wachache sana, pengine tusiwaone hata kwa hadubini. Hicho unachokiona ni chembe zako. Bakteria hakujenga kitu. Umekijenga wewe."

Majibu yalirudi kama alivyotabiri. Dawa za aina mbili, miezi minne. Kidole kikaanza kupona polepole.

Ile sentensi ndiyo iliyogoma kupona.

Askari wenye helmeti

Nilifundishwa, kama wewe ulivyofundishwa, kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Niliwahi kuzichora daftarini zikiwa na helmeti na mikuki, nikapata vema ya mwalimu. Adui anaingia, askari wanamvamia, adui anakufa, usaha ni maiti za vita. Hadithi imenyooka, na sikuwahi kuwa na sababu ya kuitilia shaka mpaka nilipoambiwa kwamba askari wangu mwenyewe wamemjengea adui nyumba kwenye kidole changu, kisha wakafungua tawi la pili karibu na kifundo.

Jeshi gani hilo?

Nikaanza kusoma usiku. Kwanza nikamkuta mtu ambaye hadithi hii yote inaanzia kwake: Ilya Mechnikov, mwanasayansi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina, Sisilia, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao inaonyesha ndani kama kioo, akavichoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi yake akakuta chembe zinazotembeatembea zimeizunguka miiba ile kila upande. Kwa kazi iliyofuata akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Chembe hizo ziliitwa fagosaiti, kutokana na neno la Kigiriki la kula.

Kula. Hakuna mkuki hapo. Jina la kwanza kabisa la hawa tunaowaita askari lilikuwa walaji, na sijui ni nani aliyekuja kuwavika helmeti.

Jambo la pili lililonikaa ni kile kiluwiluwi chenyewe. Mechnikov aliona kwa sababu mnyama wake alikuwa anaonekana ndani. Mwilini mwangu mambo yote haya hufanyika gizani. Daktari alilazimika kunikata ili achungulie. Ningempata wapi mnyama mwenye damu, moyo, figo na mfumo wa kinga unaofanana na wangu, lakini anayeonekana ndani?

Nilikuwa nao 8, wanazungukazunguka karibu na kitanda changu.

Samaki wa kioo

Danio ni samaki wa sentimita nne hivi, mwenye mistari ya bluu iliyokolea kutoka kichwani hadi mkiani; Waingereza wamemwita kwa jina la pundamilia. Mtu aliyemwingiza rasmi kwenye maabara za jenetiki ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyechapisha kazi yake maarufu juu ya samaki hawa mwaka 1981. Danio mkubwa haonekani ndani. Lakini yai lake hutagwa nje ya mwili, na kinda anayekua ndani yake ni kama tone la maji lenye macho. Unauona moyo unapiga. Unaiona damu inapita, chembe moja moja.

Na zaidi ya hayo, mambo yake ya kinga hayaanzi yote pamoja. Siku ya kwanza ikikaribia kuisha, makrofaji, yaani walaji wakubwa, huwa zimeshaanza kutambaa juu ya kiini cha yai na kuingia mwilini. Philippe Herbomel na wenzake huko Paris walionyesha mwaka 1999 kwamba kinda ambaye hajafikisha hata siku mbili, ukimdunga bakteria kwenye damu, makrofaji zake huwazoa na kuwameza kwa muda mfupi. Siku ya pili zinatokea nyutrofili, walaji wadogo wenye mbio. Zile chembe zenye kumbukumbu, limfosaiti zinazotengeneza kingamwili na kutambua ugonjwa uliowahi kupita, hazikomai mpaka wiki ya nne hadi ya sita.

Kwa hiyo kuna mwezi mzima ambao huyu kiumbe anaishi kwenye maji yaliyojaa vijidudu akiwa na walaji peke yao. Hana kumbukumbu wala kingamwili alizojitengenezea, ana midomo tu.

Nilipoelewa hilo nilisimama usiku nikaenda kuwatazama wangu. Walikuwa wamelala, wamening'inia majini bila kusogea, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kwa namna nilivyokuwa nikisafisha lile tangi.

(Kitu kingine kidogo ambacho hakina kazi kwenye hoja yangu, lakini siwezi kukiacha: samaki hatengenezi damu kwenye uboho wa mifupa kama sisi. Kiwanda chake kikuu kipo mbele ya figo, sehemu ambayo wataalamu huiita figo la kichwa. Wala hana matezi ya limfu, yale yanayovimba shingoni au kwapani ukiumwa. Kitu ambacho kwangu kimegawanywa kwenye ofisi nyingi, kwake kimebanwa kwenye figo, wengu, tezi ya thaimasi, na tabaka za ngozi, utumbo na matamvua.)

Kidonda cha mkia

Video iliyonikosesha usingizi ilikuwa fupi, chini ya dakika moja, rangi nyeusi na kijani. Kinda wa danio amekatwa ncha ya pezi la mkia. Watafiti wamempandikizia jeni inayozifanya nyutrofili zake zing'ae kijani. Protini yenyewe ya kung'aa ilitoka kwa yavuyavu wa baharini. Video imeharakishwa, saa kadhaa zimekuwa sekunde.

Mwanzoni hakuna kitu. Halafu nukta za kijani zinatokea mbali, zinanyooka, zinateleza kuelekea kwenye kidonda. Hazibabaiki, zinajua pa kwenda.

Nani kaziambia?

Jibu lilipatikana mwaka 2009, kwenye kazi ya Philipp Niethammer na wenzake huko Harvard. Chembe za ukingo wa kidonda zenyewe, mara tu zinapokatwa, hutumia kimeng'enya fulani kutoa haidrojeni peroksaidi. Ndiyo, ile ile inayofifisha nywele na kusafishia vidonda. Inasambaa kwenye nyama kwa umbali wa sehemu moja hadi mbili ya kumi ya milimita, nzito karibu na kidonda, nyepesi kadiri unavyokwenda mbali, na inafikia kilele chake baada ya dakika 20 hivi. Nyutrofili huufuata huo mteremko. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba kemikali hiyo ni silaha ambayo walaji wenyewe huitema wakishafika. Kumbe kidonda hupiga mbiu kabla hawajafika.

Hadi hapo hadithi ya jeshi bado ilikuwa inasimama. Mbiu imepigwa, askari wamekuja.

Kisha video ikaendelea, na nukta moja ikageuka.

Ilikuwa imefika ukingoni, ikazungukazunguka pale, ikatulia, halafu ikaanza safari ya kurudi ilikotoka. Nikairudisha nyuma video. Nikaitazama tena. Nyingine ikageuka. Haikuwa imekufa, wala haikuwa imechukuliwa na mkondo wa damu. Ilikuwa inatembea kwa miguu yake, ikiwa tunaweza kusema chembe ina miguu.

Tabia hii ilielezwa kwa danio mwaka 2006, na kabla ya hapo mafundisho ya kawaida yalikuwa kwamba nyutrofili ikishafika kwenye kidonda basi imefika kaburini: hufia hapo, makrofaji zikazoa maiti. Nyingine hufanya hivyo kweli. Lakini nyingi hurudi zikiwa hai.

Jeshi lina neno kwa mtu anayeondoka vitani hivyo, na si neno zuri. Nilikaa na jambo hili siku nyingi kuliko linavyostahili. Kilichonigeuza mawazo ni kusoma nyutrofili imebeba nini tumboni: vimeng'enya vinavyomeng'enya bakteria, na ambavyo havichagui, vikimwagika vinameng'enya na nyama ya mwenyeji. Nyutrofili inayong'ang'ania kwenye kidonda ni hatari kwa kidonda chenyewe. Samaki anapona kwa sababu walikuja, na anapona pia kwa sababu waliondoka. Uvimbe wako ukishuka baada ya siku tatu, sehemu ya unachokiona ni watu kurudi makwao.

Kuna mengine kuhusu hizi nyutrofili ambayo yalinichekesha. Watafiti wa Paris walionyesha mwaka 2011 kwamba ukiwaweka bakteria kwenye umajimaji wa mwili wa kinda, wanaelea, nyutrofili hazifui dafu; makrofaji ndizo zinazowavua. Lakini wakibandikwa juu ya nyama, nyutrofili huwafyonza moja baada ya nyingine kwa kasi, kama mtu anayepitisha ufagio sakafuni. Zinajua kufagia, hazijui kuogelea. Za samaki! Na zikibanwa sana, nyutrofili za samaki, kama za kwetu, zinaweza kupasuka na kutupa nje DNA yao wenyewe, nyuzi nyuzi zenye kunata, zikawanasa bakteria humo.

Yaani samaki anatega wavu.

Nyumba

Sasa turudi kwenye kidole.

Kile kinundu kina jina: granuloma. Ni fundo la makrofaji zilizoshikamana, nyingine zimeungana mpaka zinaonekana kama ngozi, na katikati yake wamo bakteria. Mgonjwa wa kifua kikuu anazo mapafuni. Mimi nilikuwa nazo mbili mkononi. Na danio wangu aliyekufa, aliyekonda mpaka uti wa mgongo ukapinda, sina shaka kubwa kwamba alikuwa nazo tele kwenye figo na wengu. Huo mwonekano ndio unaojulikana kwa samaki wenye ugonjwa huu.

Kwa miaka mingi granuloma ilielezwa kama ukuta. Mwili umeshindwa kumuua adui, basi umemzungushia boma. Na boma hilo, ilisemwa, linahitaji limfosaiti zenye kumbukumbu ili lijengwe.

Mtafiti Lalita Ramakrishnan na wenzake walimdunga kinda wa danio bakteria huyu huyu, M. marinum, wakakaa wakatazama. Mwaka 2002 wakaripoti kwamba kinda asiye na limfosaiti yoyote iliyokomaa alijenga mafundo hayo ndani ya siku chache. Walaji peke yao walitosha.

Halafu mwaka 2009, Ramakrishnan na Muse Davis walionyesha jinsi linavyojengwa, na hapa ndipo helmeti zangu za daftarini zilipodondoka zote.

Makrofaji inameza bakteria. Bakteria hafi, anazaana humo ndani. Makrofaji inakufa. Lakini kabla na baada ya kufa inaita, na bakteria mwenyewe anachangia kuufanya wito huo uwe mkali. Makrofaji nyingine zinakuja mbio, zenye afya, zinafanya kazi yao ya siku zote ya kuzoa maiti. Maiti moja inaliwa na walaji kadhaa. Kila mmoja anaondoka na fungu lake la bakteria waliomo. Kilichokuwa chembe moja yenye ugonjwa sasa ni chembe kadhaa. Na baadhi ya hizo hazikai: zinatoka, zinasafiri, zinaanzisha fundo jingine kwingine.

Nilitazama kile kinundu cha pili, karibu na kifundo.

Kwa hiyo hakuja huko kwa kunyemelea. Alibebwa.

Nilikasirika, nakiri, kwa namna ya kijinga ambayo mtu anaweza kuukasirikia mwili wake. Wiki nzima niliuona mfumo wangu wa kinga kama mlinzi anayemfungulia mwizi geti kisha anamsaidia kubeba. Ningeandika makala hii wiki ile, ingekuwa makala ya lawama, na ingekuwa ya uongo. Nilikuwa nimesoma nusu tu.

Nusu ya pili ni jaribio jingine la kundi hilo, la mwaka 2007. Waliwatengeneza makinda wa danio wasio na makrofaji, wakawaambukiza. Kama walaji ni wasaliti, samaki asiye nao angepaswa kunusurika. Kilichotokea ni kwamba bakteria hawakuingia vizuri kwenye nyama, kwa sababu hakukuwa na wa kuwabeba, lakini waliongezeka kuliko kwa samaki mwenye walaji. Makrofaji ile ile inayombeba ndiyo inayompunguzia kasi. Kazi zote mbili, chembe moja, saa ile ile.

Hata ukali wake una kipimo. Ipo protini ya ishara inayoitwa TNF, inayozichochea makrofaji kupambana. Samaki akiwa nayo pungufu, makrofaji zinalegea, bakteria wanajaa ndani mpaka zinapasuka. Akiwa nayo kupita kiasi, makrofaji zinaua bakteria vizuri mwanzoni, kisha zinajiua zenyewe kwa ukali huo huo na kupasuka. Ncha zote mbili zinaishia sehemu moja: bakteria wako nje, hawana wa kuwameza, wanazaana na kujisokota kama kamba.

Nimejaribu mifano mingine badala ya askari. Wazoa taka. Mafundi. Wazima moto wenye ndoo ambazo baadhi zina mafuta ya taa. Kila mmoja ulidumu siku mbili ukavunjika. Sasa nimeacha. Ni walaji, wanakula, na kula kwao wakati mwingine ni dawa na wakati mwingine ni usafiri.

Waliojivua

Nilipokuwa bado natafuta kanuni ya kushika, samaki wengine walinivuruga zaidi. Kwa kifupi tu.

Kwetu tunafundishwa kwamba limfosaiti B hutengeneza kingamwili na kuwaachia wengine kazi ya kumeza. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba limfosaiti B za samaki aina ya trauti humeza bakteria zenyewe na kuwaua humo humo. Mgawanyo wa kazi nilioukariri haukuwahi kumfikia trauti.

Samaki wa Atlantiki ya kaskazini anayeitwa kodi (hapana, si ile inayodaiwa na serikali) alisomwa jeni zake mwaka 2011, ikakutwa kwamba amepoteza mkono mzima wa mfumo wa kinga, ule wa MHC ya daraja la pili (protini zinazozionyesha limfosaiti vipande vya vijidudu) pamoja na CD4, protini ya juu ya limfosaiti inayokwenda nayo. Binadamu akipungukiwa na chembe hizo za CD4 yuko hatarini. Ndizo virusi vya UKIMWI huzimaliza. Kodi anaogelea kwa mamilioni, haumwi kuliko wengine. Ameongeza tu jeni za daraja la kwanza maradufu kwa maradufu.

Na wapo samaki wa kilindini wenye kitaa kichwani, ambao baadhi yao dume dogo humng'ata jike, kisha miili inaungana, damu inakuwa moja, maisha yote. Mwilini mwangu kipande cha mtu mwingine kingekataliwa ndani ya wiki chache. Mwaka 2020 watafiti wakaeleza kwamba samaki hawa wamepoteza jeni muhimu za kinga yenye kumbukumbu. Wameacha kutambua nani ni mgeni, ili wasimkatae mwenza. Wanaishije humo gizani bila hiyo, huku vijidudu vipo, ni swali ambalo lilinifanya nifunge kompyuta nikalale.

Hita

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Yule danio wa tisa, kabla hajafa, kwa siku kama nne aliacha kuogelea na wenzake. Alikaa kwenye kona ya nyuma, karibu kabisa na hita, amejibanza hapo kama anasikiliza kitu. Nikafikiri hita imeharibika na inatoa joto kali linalomchanganya. Nikaishusha nyuzi mbili. Akaendelea kukaa pale pale. Nikaishusha tena.

Siku ya tano nikamtoa na kijiwavu. Nilizika, nikasafisha tangi vizuri kwa mikono mitupu, na lile jiwe likanikwaruza.

Miezi miwili baadaye, nikisoma kitu kingine kabisa, nikakutana na homa ya samaki. Samaki hana tanuri ndani. Joto lake ni la maji aliyomo. Mwili wangu ukiambukizwa unajipandisha joto wenyewe. Wa samaki hauwezi. Mwaka 1976 William Reynolds na wenzake walionyesha kwamba samaki waliodungwa bakteria, wakipewa maji yenye upande wa baridi na upande wa joto, huogelea kuelekea kwenye joto na kukaa huko. Wanaifuata homa wasiyoweza kuitengeneza. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwa danio pia: waliodungwa kitu kinachoigiza virusi walihamia kwenye maji ya moto zaidi, na wakiwa huko jeni zao za kupambana na virusi ziliamka kwa nguvu kuliko za wale walionyimwa nafasi ya kuhama.

Nilisoma hiyo aya mara moja tu. Nilijua imesema nini.

Nimemweleza daktari, siku ya kukagua kidole kwa mara ya mwisho. Alinisikiliza, akafikiri, akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba huyu bakteria hasa anapenda nyuzi 30, na kwamba kutoka 27 za tangi langu kwenda kwenye ukuta wa hita, samaki wangu huenda alikuwa anakimbilia pale pale adui yake anapostawi. Labda nilimnyima dawa. Labda nilimnyima bakteria karamu. Akaandika kwenye faili kwamba kidonda kimefunga, akanikumbusha habari za glovu.

Leo asubuhi mmoja wa wale 8 yuko kwenye kona. Si mkondefu, mgongo wake umenyooka, na inawezekana kabisa anapumzika tu. Nilikaa naye dakika ishirini hivi kabla ya kutoka. Nimeongeza kipimajoto cha pili, upande wa mbali na hita, ili nione tofauti: nyuzi moja na nusu. Ana pa kuchagua, kidogo.

Kitufe cha hita sijakigusa.